Mtaka cha Mvunguni: Bushi za Gari na Swali Tulilolikwepa

Jibu la mkufunzi haliishii darasani mwake. Mwanachuo huliandika katika daftari, hulichukua hadi shuleni, na huko huwapa watoto hamsini au zaidi, ambao nao huenda nalo makwao. Likiwa sahihi, faida yake ni kubwa. Likiwa la kubahatisha, hapana njia rahisi ya kulifuata na kulirudisha. Katika makala haya twapenda kuwaeleza ndugu zetu walimu wanafunzi juu ya jibu moja la namna hiyo tulilolitoa sisi wenyewe, na jinsi tulivyolazimika kulala chini ya gari uani kwetu Butiama ndipo tukalisahihisha. Kazi ya kubadilisha bushi tutaieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa somo lenyewe limo ndani ya kazi hiyo.

Chanzo cha jambo

Mwaka jana, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulikuwa tukizunguka katika shule za msingi za Wilaya ya Butiama kuwakagua wanachuo. Gari letu ni dogo na la siku nyingi. Jioni moja tulikuwa tumewapakia wanachuo watatu, tukiteremka kilima katika barabara ya changarawe, mara ng'ombe wakakatiza mbele yetu. Tulipokanyaga breki, gari lilivutwa kushoto kwa ghafula, kana kwamba mtu ametunyang'anya usukani, likasimama ukingoni mwa mtaro. Hakuna aliyeumia. Wanachuo walishuka kimya, wakamaliza safari yao kwa miguu.

Fundi tuliyemwita alilitikisa gurudumu la kushoto, akatuonyesha bushi ya mkono wa chini. Mpira wake ulikuwa umechanika kabisa. Hiyo ilikuwa bushi ya pili kufa upande huo katika muda wa miezi tisa, na zote mbili tulikuwa tumefungiwa katika gereji moja ya mjini.

Juma lililofuata tulikuwa na kipindi cha Sayansi juu ya kani na msuguano, nasi tukalitaja tukio lile kuwa mfano. Mwanachuo mmoja wa kike, aliyekuwa miongoni mwa wale watatu, akauliza kwa nini bushi zile zilikufa upesi hivyo. Tulijibu bila kusita kwamba sababu ni ubovu wa barabara na spea bandia. Darasa zima likaandika. Yeye akanyosha mkono tena: "Mwalimu, mbona bushi ya kulia haijafa? Inapita barabara ile ile, na mlisema ilitoka katika pakiti moja na ile ya kwanza ya kushoto."

Alikuwa amesema kweli. Tulinunua bushi mbili siku moja. Ya kushoto ikafungwa gereji. Ya kulia tukaiweka nyumbani, ikafungwa majuma machache baadaye na mzee mmoja jirani yetu, fundi wa zamani ambaye siku hizi amepumzika na kulima mihogo. Tuliitazama saa, tukasema kwamba kipindi kimekwisha. Zilikuwa zimesalia dakika kumi.

Bushi ni kitu gani?

Gurudumu la gari halikushikamana na bodi moja kwa moja. Kati yake upo mkono wa chuma unaopanda na kushuka kila gurudumu linapokutana na shimo au jiwe. Pale mkono huo unapoungana na bodi huwekwa bushi ili chuma kisigongane na chuma. Bushi ya kawaida ina sehemu tatu: bomba dogo la chuma ndani, ganda la chuma nje, na mpira katikati uliogandamana na vyote viwili. Bolti hupita ndani ya bomba dogo na kulibana lisizunguke.

Mpira huo ni mpira ulioivishwa kwa moto pamoja na salfa, ufundi uliogunduliwa na Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Bila salfa, mpira hulainika kwenye joto na kukauka kwenye baridi. Bushi za siku hizi ziitwazo za poliyurethani hutengenezwa kwa kitu kingine, ambacho asili yake ni kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Kitu hicho si kigeni nyumbani kwetu: magodoro ya sponji tunayolalia ni ya ukoo huo huo, na hali kadhalika soli za viatu vingi. Kikitengenezwa kiwe laini ni godoro. Kikitengenezwa kiwe kigumu hustahimili uzito wa gari, nacho hakidhuriwi upesi na mafuta kama mpira.

Baada ya kunusurika mtaroni, tuliagiza bushi za namna hiyo kutoka Mwanza, za pande zote mbili, kwa bei iliyokaribia mara tatu ya zile za mpira. Tuliamini kwamba kitu kigumu zaidi kitashinda barabara mbovu. Msomaji atazame vizuri tulivyofanya: tulinunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Kazi yenyewe

Kazi tuliifanyia uani, Jumamosi na nusu ya Jumapili. Mawe hayapungui Butiama. Tulitia makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nati za magurudumu tulizilegeza kidogo gari likiwa bado chini, kisha tukalipandisha kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi mbili za chuma. Magurudumu tuliyoyatoa tuliyalaza chini ya bodi kuwa kinga ya pili. Twasisitiza: mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Katika gari letu springi imefungwa pamoja na shokapu, kwa hiyo mkono wa chini hauzuii nguvu ya springi. Yako magari ambayo springi yake hukaa juu ya mkono huo, na kuufungua bila kuibana kwanza kwaweza kumuua mtu. Kazi ya magari hayo aachiwe fundi.

Bolti zilikuwa na kutu, nasi tulikuwa tumezitia mafuta tangu usiku wa kuamkia siku ile. Mkono ulipotoka ilibaki kuing'oa bushi ya zamani. Kijana mmoja aliyepita alitushauri tuichome moto. Tulikataa, maana moshi wa mpira ni sumu. Tulichukua bolti ndefu, nati, washa mbili nene, na kipande cha bomba pana. Bomba likawekwa upande mmoja, bolti ikapitishwa katikati, nati ikakazwa kidogo kidogo, na bushi ikavutwa taratibu hadi ikaingia ndani ya bomba. Hapo mwalimu anayo hesabu nzuri ya kufundisha: mkono husafiri mwendo mrefu kuizungusha spana, bolti husogea milimita chache, na nguvu ndogo ya mtu hugeuka kuwa nguvu kubwa.

Tulichokiona

Mzee jirani yetu alikuja kutazama. Alipoona tunataka kuing'oa na ile ya kulia aliyoifunga yeye, akauliza kwa nini tunatupa kitu kizima. Tukamweleza kwamba pande mbili zapaswa kulingana. Akaitazama ile ya kushoto iliyochanika, akasema, "Mwalimu, hii haikuuawa na barabara. Iliuawa siku ilipofungwa." Kisha akasema, "Nyinyi walimu mna chaki. Leteni."

Alilibana bomba la ndani la bushi ya kulia kwa bolti katika jiliwa, akachora mstari mmoja mnyofu kutoka bomba la ndani, kupitia mpira, hadi ganda la nje. Akauinua mkono wa chuma. Mstari haukukatika, ulipinda. "Bushi ya mpira haizunguki," akasema. "Hujipinda, kisha hurudi. Sasa, ukiikaza bolti gurudumu likining'inia, gari likishuka chini mpira umekwisha kupindwa kabla ya safari kuanza. Kila shimo laongeza juu ya hapo."

Ndipo tulipokumbuka. Siku ile gereji tulikuwapo. Tuliona kwa macho yetu gari likikaa juu ya jeki mpaka bolti ya mwisho ilipokazwa, tukaona wala hatukujua tulichokiona. Mzee yeye, alipoifunga ile ya kulia, alirudisha gurudumu, akalishusha gari likakaa kwa uzito wake, kisha akajipenyeza chini ya gari kukaza kwa mara ya mwisho. Ni kazi ya taabu, na mwenye haraka huikwepa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ile tuliwaelewa.

Tulisafisha matundu kwa msasa, tukapaka grisi iliyokuja pamoja na bushi mpya, tukaziingiza nusu kwa nusu, kisha tukapitisha bomba la chuma katikati. Tukachora mstari wa chaki kama awali. Safari hii mstari ulikatika: bomba lilibaki mahali pake, bushi ikazunguka juu yake. Hiyo ndiyo tofauti. Bushi ya poliyurethani haipindwi na kosa lile la kukaza gari likiwa juu, lakini kwa kuwa huteleza, yahitaji grisi. Ikikauka au ikiingiwa na vumbi hulia. Tena ni ngumu, na mtikisiko wa barabara tunausikia zaidi kuliko zamani. Hata hivyo Mzee alitutaka tukaze bolti gari likiwa chini, akisema kwamba tabia njema haina hasara. Baadaye tulikwenda Musoma kupimisha mwelekeo wa magurudumu, nalo gari likikanyagwa breki sasa hunyoka. Lakini hatuwezi kusema kwamba fedha zetu zilitumika kwa busara. Bushi ya mpira ya bei ndogo, ikifungwa na mtu anayejua, ingetufaa.

Kurudi darasani

Jumatatu tuliingia na bushi mbili za zamani na kipande cha chaki. Tukasema kwamba jibu tulilowapa halikuwa sahihi, na kila mmoja alifute. Mwanachuo mmoja akasimama, akasema kwamba amekwisha kulifundisha jibu lile kwa watoto wa Darasa la Sita katika shule aliyopangiwa. Hatukuwa na la kumwambia ila kwamba hana budi kurudi kulisahihisha, nasi tutafuatana naye. Tulifanya hivyo. Watoto wale hawakucheka. Walitaka kuushika mpira.

Mwanachuo aliyeuliza swali hakuonyesha furaha ya ushindi. Aliichunguza ile bushi, kisha akauliza: je, gari linalobeba mzigo mzito kila siku likazwe likiwa na mzigo au likiwa tupu? Tulimjibu kwamba hatujui, na kwamba tutamwuliza Mzee. Mzee alijibu kwamba likazwe katika hali linayokaa siku nyingi.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, swali la mwanafunzi linaloliharibu jibu la mwalimu ni msaada. Swali lile lilikuwa limeitoa barabara na limeitoa spea bandia. Lilibakiza namna ya kufunga. Tungalilisikiliza, tungaliupata ukweli bila gharama.

Pili, somo lisipoeleweka, tusikimbilie zana mpya au mbinu mpya kama tulivyokimbilia bushi mpya. Tuchunguze kwanza lilikosewa wapi. Mara nyingi kosa hufanyika mwanzoni, mtoto anapofundishwa jambo akiwa bado ananing'inia.

Tatu, jaribio hili halihitaji gari. Funga kipande cha mpira wa baiskeli kati ya vijiti viwili, chora mstari wa chaki, kisha upinde kijiti kimoja. Halafu mpe mtoto kijiti kinachozunguka ndani ya bomba lililopakwa mafuta, alinganishe.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hii hii, alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likahimiza tena kwamba kazi na masomo viende pamoja. Katika shule nyingi agizo hilo liliishia kwenye jembe na ndoo ya maji. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 nao unataka watoto wafunzwe kwa kutenda. Tusije tukarudia kosa lile. Kutenda bila kuuliza ni jasho tu, na anayeulizwa hana budi kuwa tayari kuinama. Sisi tuliinama tukiwa tumechelewa, baada ya kuwatia hatarini wanachuo watatu. Ninyi anzeni mapema.