Pombe ya Miaka Mitatu na Pombe ya Siku Moja

Mzee alizibua kitundu kidogo kwenye uso wa pipa, akakinga bilauri, akanipa. Pombe ilikuwa na rangi ya majani makavu, haina povu wala gesi. Nilipoionja, taya zilikaza kama za mtu aliyeng'ata ukwaju. Ukafuata ukakasi wa ganda la ndizi mbichi, na nyuma yake harufu ninayoifahamu tangu utotoni: zizi la mbuzi asubuhi baada ya mvua. Nikamwambia mzee kwa Kiholanzi changu kwamba ladha hii naijua. Akatabasamu kwa upole, akidhani nasema kwa adabu ya mgeni. Nilikuwa nasema kweli.

Shamba lake liko Pajottenland, vilima vya kusini-magharibi mwa Brussels, katika bonde la mto mdogo uitwao Zenne. Ndiko mchoraji Pieter Bruegel alikochora wakulima na mashamba yao karne ya 16. Kanisa la Sint-Anna-Pede, linaloonekana katika picha yake ya vipofu ya mwaka 1568, bado limesimama pale pale, na basi la kwenda mashambani hupita jirani. Tulikwenda mwezi Februari, mimi na ndugu mmoja mwenyeji wa Bukavu ambaye ana miaka mingi Matonge, mtaa wa Waafrika katika manispaa ya Ixelles. Yeye alipoonja alisema neno moja tu: "Kasiksi!" Ndilo jina la pombe ya ndizi kwao Kivu.

Basi wawili sisi, mmoja wa Kivu na mmoja wa Kilimanjaro, tulikuwa tumekutana na kitu cha nyumbani ndani ya pipa la Mbelgiji.

Pombe yenyewe huitwa lambiki. Hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, pamoja na ngano isiyooteshwa ambayo kwa kawaida ni thuluthi moja hivi ya nafaka yote. Huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na maua ya hopsi. Hopsi zenyewe huwa zimekaa ghalani miaka miwili au mitatu, hadi uchungu wake mwingi umeisha. Watengenezaji wengine wa bia hutafuta hopsi mbichi zenye harufu kali. Hawa wanataka zilizozeeka, kwa sababu kinachohitajika ni ile nguvu yake ya kuwadhibiti bakteria wasije wakaiharibu pombe.

Kisha linakuja jambo lililonifanya nisimame kimya. Mzee alitupandisha ngazi hadi darini, tukakuta karai la shaba, pana kama sebule na lenye kina kifupi, limejaa uji mwepesi unaofuka mvuke. Madirisha yalikuwa wazi na baridi inaingia. Hatii hamira. Usiku kucha hewa ya bonde hupita juu ya karai, na vijidudu vilivyo hewani, vilivyo kwenye mbao za dari na baadaye ndani ya mapipa, ndivyo vitakavyoichachusha pombe. Ndiyo maana lambiki hupikwa kuanzia Oktoba hadi Aprili tu. Kiangazi hewa hujaa bakteria wasiofaa, na uji hauwezi kupoa kwa usiku mmoja.

Asubuhi uji hushushwa kwenye mapipa ya mwaloni, mengi yakiwa yalishawahi kuhifadhi mvinyo, ukakaa humo mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Humo hufanya kazi hamira ya kawaida, halafu bakteria wa uchachu, na mwisho hamira ya porini iitwayo Brettanomyces, ambayo mwanasayansi wa Denmark, Niels Hjelte Claussen, aliitambulisha mwaka 1904. Hiyo ndiyo inayoleta ile harufu ya zizi. Buibui wametanda kati ya mapipa na hakuna anayewagusa, maana wanakamata nzi wanaovutwa na matunda na sukari. Mzee alipita kati yao akiinamisha kichwa, kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani.

Bilauri ya pili ilikuwa geuze. Hii ni lambiki changa iliyochanganywa na ya miaka miwili na mitatu, kisha ikafungwa kwenye chupa nene yenye kizibo cha gome na waya. Lambiki changa bado ina sukari, kwa hiyo uchachukaji huendelea ndani ya chupa na kuzaa gesi. Ilifoka kama shampeni. Uchachu ulikuwa pale pale, lakini umetulia, umepata limau, tofaa bichi na kitu kama asali isiyo na utamu. Kuchanganya ni kazi ya ulimi. Mzee huonja pipa moja baada ya jingine, kwa kuwa mapipa mawili yaliyojazwa siku moja hayazai pombe moja.

Ya tatu ilikuwa kriki, lambiki iliyolowekwa cheri chachu kwa miezi kadhaa. Nyekundu kama rosela, kali kama rosela isiyotiwa sukari. Mwenzangu wa Bukavu aliishika bilauri kwa mikono miwili na hakuzungumza hadi ilipoisha.

Sasa nirudi Kibosho, Kilimanjaro, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi zilivundikwa hadi zikaiva kabisa, zikamenywa, zikachemshwa kwa saa nyingi hadi zikawa nyekundu ya udongo. Zilifunikwa siku kadhaa zichachuke, na hiyo ndiyo nyalu. Kando, ulezi ulioteshwa, ukaanikwa, ukasagwa na kupikwa uji. Huo ndio mso. Nyalu ilichujwa, maji yake yakachanganywa na mso, na humo ukaingia msesewa, magome ya mti yaliyokaushwa na kutwangwa, yenye uchungu unaokwangua koo. Usiku mmoja baadaye mbege ilikuwa tayari. Kesho yake ilikuwa kali. Keshokutwa ilikuwa ya wanaume wachache wasiojali.

Weka hatua hizi kando ya zile za mzee wa Pajottenland. Anaotesha shayiri ili wanga ugeuke sukari. Bibi aliotesha ulezi kwa kazi hiyo hiyo. Ana hopsi kuukuu za kuilinda pombe. Bibi alikuwa na msesewa, na alisema bila msesewa mbege "haikai". Mapipa ya mzee yamebeba vijidudu vya miaka katika mbao zake, na mtungi wa bibi haukuguswa na sabuni hata siku moja. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni uzee. Sasa najua kwamba alikuwa anatunza chachu yake mahali pekee alipoweza kuitunza. Kiswahili chetu kilikwisha kuyaunganisha mambo haya: chachu ni kile kinachoumua, na chachu ni ladha ya kilichoumuka. Neno moja.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Wabelgiji wana utaalamu na sisi tuna mazoea. Ujuzi ni ule ule. Kinachotofautiana ni muda, na yale yanayozaliwa na muda.

Lambiki inasubiri. Anayeanza kujaza mapipa leo hawezi kupata geuze kamili hadi miaka mitatu ipite, na kusubiri huko kunamlazimisha kuweka kumbukumbu. Kila pipa lina namba na tarehe ya kupikwa kwa chaki. Mbege haina subira hiyo, na haikuumbwa iwe nayo. Inapikwa kwa ajili ya siku: posa, harusi, matanga, kikao cha ukoo. Siku hiyo kata inazunguka kutoka mkono hadi mkono, mzee anamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, mpishi anaonja kwanza mbele ya watu. Pale shambani kila mmoja wetu alikuwa na bilauri yake. Nilitamani kata. Nilitamani tunywe kwa kupokezana, na mzee aonje kwanza ili tujue tumekaribishwa.

Nyuma ya ghala kulikuwa na mtambo mdogo wa shaba wa kukenekea. Lambiki ambayo imechachuka kupita kiasi haimwagwi. Hukenekwa ikawa kinywaji kikali. Ni desturi ya zamani huko. Katika kijiji cha Lembeek, bondeni humo humo, shamba lililokuwa kiwanda cha pombe na cha kukeneka kwa pamoja lilianza mwaka 1680, na kiwanda cha Boon kinahesabu historia yake kuanzia hapo. Mwaka 2009 katika kiwanda cha 3 Fonteinen, kidhibiti joto kiliharibika, ghala likapata joto, maelfu kwa maelfu ya chupa za geuze zikapasuka au kuharibika. Mwenye kiwanda, Armand Debelder, aliichukua pombe iliyosalia akaikeneka, akaiuza kama kinywaji kikali ili anusuru kiwanda chake. Kilinusurika.

Nilipouona mtambo ule nilikumbuka jinsi neno gongo, pombe kali inayokenekwa kwa siri, linavyotamkwa kwetu kwa sauti ya chini. Uganda ilitunga sheria ya kudhibiti enguli, gongo ya kwao, mwaka 1965. Kenya iliipiga marufuku chang'aa, gongo ya kwao, mwaka 1980, ikairuhusu tena kwa masharti mwaka 2010. Ubelgiji nayo ilipita njia hiyo: sheria ya Vandervelde ya mwaka 1919 ilikataza vinywaji vikali kuuzwa katika vilabu vya pombe, na haikufutwa hadi miaka ya 1980. Hatari ya gongo ni ya kweli. Watu wamepofuka, watu wamekufa, na siwezi kulisema hilo kwa wepesi. Ila mtambo wa mzee yule unajulikana na serikali, unakaguliwa, na unalipiwa ushuru. Kinachopikwa kichakani usiku hakina wa kukikagua, na anayeumia ni mnywaji maskini.

Msidhani lambiki ilikuwa salama siku zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, bia nyepesi ya baridi na vinywaji vya sukari viliteka midomo ya watu. Viwanda vingi vya bondeni vilifungwa, vingine vikaanza kuitia sukari geuze ili vijana waikubali. Uchachu ulionekana ni ladha ya wazee. Waliogeuza mambo ni wachache waliokataa. Cantillon ya Brussels, iliyoanza mwaka 1900, ilifungua milango yake kama jumba la makumbusho mwaka 1978, watu waje waone pombe ikipikwa. Mwaka 1997 watengenezaji kadhaa waliungana katika chama chao, HORAL. Mwaka huo huo majina ya geuze na kriki za jadi yalipata ulinzi wa sheria ya Ulaya. Ili chupa iandikwe Oude Geuze, lambiki iliyo kuukuu kuliko zote ndani yake lazima iwe na miaka mitatu au zaidi. Sheria hiyo inalinda namna ya kupika. Asiyefuata njia asilitumie jina.

Hapo ndipo ninapoyageuza macho nyumbani, na ninasema kwa uchungu. Vijana wa rika langu tuliionea haya mbege. Katika harusi zetu mjini tuliweka kreti za bia mbele, mbege tukaipeleka nyuma ya hema kwa wazee. Tuliiita pombe ya kienyeji kwa sauti ile tunayotumia kwa kitu cha kuvumiliwa.

Sidai mbege ifungwe kwenye chupa yenye kizibo cha waya. Arusha kuna kampuni inayouza vinywaji vya ndizi vya chupa, na inafanya kazi ya heshima, lakini mbege ni pombe ya siku moja na inastahili kubaki hivyo. Ninachodai ni kwamba njia yake ilindwe. Kihamba, shamba letu la migomba, kahawa na miti mirefu juu yake, tayari kimetambuliwa: mwaka 2011 Shimbwe Juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, paliingizwa na FAO katika urithi wa kilimo wa dunia. Mbege ni tunda la kihamba hicho. Migomba ikikatwa kupisha nyumba, nyalu itatoka wapi? Na msesewa unabanduliwa magome kila kunapopikwa. Mti unaozungushwa kisu pande zote hufa. Nani anapanda miche? Hata namna ya kubandua upande mmoja na kuuachia mti upone ni ujuzi wa mbege, sawa na kuotesha ulezi.

Zaidi ya yote, walioubeba ujuzi huu ni wanawake. Majina ya wazee wa lambiki yameandikwa kwenye chupa. Jina la bibi yangu halikuandikwa popote.

Jumapili iliyofuata nilimpigia simu Mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyeurithi mtungi. Nikamsimulia pipa, karai na dirisha lililoachwa wazi usiku. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyo mzee, mbao za mapipa yake anaziosha na nini?" Nikamjibu, maji ya moto tu. Akasema, "Basi anajua."

Nikamwuliza mbege yake bora kuliko zote ni ipi. Hakusita. Ni ya matanga ya baba yake. Alinitajia upande wa kihamba zilikotoka ndizi, bibi yupi alimpa ulezi, mti upi ulitoa msesewa, na kwamba mvua ilichelewa mwaka ule ndizi zikawa na sukari nyingi. Tarehe ya chaki ya pipa lile haikuwa na habari hata nusu ya hizo.

Nilimwomba arudie taratibu. Nilikuwa nimeshachukua daftari, na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika jina la bibi, kisha lake.