Malori ya asubuhi: picha moja, wanunuzi watatu

Ukitaka kuona malori makubwa ya Kalemie yakiwa yametulia, amka kabla jua halijatoka upande wa ziwa. Saa kumi na mbili asubuhi yanakuwa yamepangana kando ya barabara, pua zao zikielekea kusini. Madereva wananawa uso kwenye ndoo, wasaidizi wao wamepanda juu ya mzigo kukaza kamba, na wamama wa chai wamekwisha kuwasha makaa. Ikifika saa mbili, vumbi na honi vimeanza, wala hakuna tena mtu wa kusimama na kukusikiliza.

Mji wetu ni mji wa kubadilisha mizigo. Mashua na meli zinatoka Kigoma, Bujumbura na Mpulungu. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa ziwani mwaka 1915, na wazee bado wanahesabu mambo ya mji tangu siku hizo. Lakini treni ikichelewa, ni kamyo ndiyo inayobeba. Moja inapita daraja la Lukuga kwenda Moba na Pweto mpaka Lubumbashi. Nyingine inashika njia ya Nyunzu. Nyingine inakwenda kaskazini, upande wa Fizi na Uvira. Juu ya mzigo utaona mabidoni, magodoro, baiskeli, kuku na abiria, na mbele juu ya kioo jina la Mungu au methali iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Ni vitu vya kupendeza macho. Hapo ndipo mimi nilipoanzia.

Binti yangu yuko sekondari. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini ya sekondari tunalipa, na muhula ule nilikuwa na deni. Yeye ndiye aliyenionyesha kwenye simu kwamba kuna watu wa mbali wanaopenda picha za malori makubwa kama wengine wanavyopenda picha za maua. Aliniambia, "Mama, yetu ni mazuri kushinda yao. Tupige, tuuze." Basi tukaenda asubuhi tatu kwa juma, yeye na mimi, na simu yake moja.

Tulijifunza haraka. Jua la asubuhi linatoka ziwani, kwa hiyo simama ziwa likiwa nyuma yako ili mwanga upige ubavu wa lori. Saa sita usipige: uso wa dereva unakuwa mweusi chini ya kofia, na bati linang'aa mpaka maandishi hayasomeki. Mweke mtu karibu na gurudumu, ili mwenye kuangalia ajue ukubwa wake.

Kuuza ndiko kulikotushinda. Ziko kampuni za intaneti zinazopokea picha za watu wa dunia nzima na kuziuza. Mojawapo ni Shutterstock. Tangu 2020 inampa mpiga picha asilimia 15 mpaka 40 ya bei, kulingana na picha ngapi ameuza mwaka ule, na malipo ya picha moja yanaweza kushuka mpaka senti 10 za dola. Tena picha inayoonyesha alama ya kampuni au uso wa mtu haiuzwi kwa matangazo bila karatasi ya ruhusa. Lori gani la kwetu halina alama wala mtu? Tulihesabu dakika za intaneti tulizonunua, tukaona tunaingiza makuta zaidi kuliko tutakayotoa.

Sisemi kwamba picha za Kongo hazifiki mbali. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipiga picha za migodi na mitambo ya Katanga, na kazi zake zimeonyeshwa Ulaya na kwingine. Yeye na wenzake walianzisha chama kule Lubumbashi wakakiita Picha, neno letu lilelile. Lakini hiyo ni kazi ya miaka mingi. Ada ya shule haingoji miaka mingi.

Mnunuzi wa kwanza hatukumtafuta. Dereva mmoja, mtu mzima, aliona binti yangu anapiga lori lake akauliza, "Mama, mnapiga gari tu, na mimi je?" Tukamsimamisha mlangoni, mkono juu ya kioo. Alisema wakati wa mvua safari inaweza kumla majuma mengi, na mtoto wake mdogo anamkimbia akirudi, hamjui. Tulikwenda kwa fundi wa foto mjini akatuchapia kwa fc 1 500. Dereva alilipa fc 3 000, akaagiza nyingine mbili: moja ya mama yake, moja ya mwenye lori. Kesho yake walikuja wenzake wanne.

Mnunuzi wa pili ni mwenye lori. Wengi wao wanakaa mbali na gari. Wanataka kuona matairi, kamba na turubai kabla halijaondoka. Picha nne kwa WhatsApp, malipo kwa Airtel Money au M-Pesa, bila kuchapa chochote.

Wa tatu ni sisi wenyewe, wamama tunaotuma mizigo. Hili ndilo nililotaka kuwaambia.

Mama mmoja jirani yangu alituma Moba magunia 12 ya chumvi. Makuta yake yalikuwa ya likelemba: zamu yake, lakini jasho la wamama kumi. Nilikuwa pale wakipakia, nikampigia picha tatu kwa fc 2 000: magunia yakiwa chini yamepangwa, magunia yakiwa juu ya gari, na nyuma ya gari namba ikisomeka. Alikuwa amefunga kila gunia kwa kitambaa cha kitenge cha kijani. Baada ya siku tisa dada yake akapiga simu kutoka Moba: yamefika kumi. Dereva akasema amepokea kumi. Hakuna karatasi.

Zamani ingeishia kwenye kelele, na pengine kwenye uadui. Safari hii alimtumia dereva zile picha. Dereva alihesabu mwenyewe vile vitambaa vya kijani, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, ni kweli, 12." Akaulizia njiani. Magunia mawili yalikuwa yameshushwa usiku pamoja na mzigo wa mtu mwingine, na lori lililofuata likayachukua. Dereva hakuwa mwizi. Lakini bila picha tungemwita mwizi mpaka leo, na mama yule angeanza kulipa deni la watu kumi.

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu, sisi tunafanya hivi. Tunakwenda wawili, hakuna anayekwenda peke yake, na mtoto wa kike hatumtumi bila mama. Tunaomba ruhusa kwanza: "Papa, naweza kupiga gari lako?" Akikataa, tunapita. Hatupigi bandari, daraja, askari wala vizuizi vya barabarani. Siku moja tulishikiwa simu saa nzima kwa sababu ukuta wa ofisi ulionekana nyuma ya lori. Picha ya mzigo hatuionyeshi kwa mtu mwingine wala kuiweka mtandaoni lori likiwa bado njiani, maana barabara zetu mnazijua, na anayejua namba ya gari na mzigo wake anaweza kuwa mtu mbaya. Na kabla ya kuanza, mama mwenye mzigo afunge alama yake kwenye kila gunia. Magunia yote ya chumvi yanafanana.

Deni la muhula ule tulilimaliza, si kwa picha peke yake, lakini picha zilichukua sehemu kubwa. Binti yangu bado anapiga zile za kupendeza, jua likitoka nyuma ya kamyo na ukungu juu ya maji. Anaziweka. Anasema siku moja zitakwenda mbali. Mimi asubuhi nabeba kalamu na daftari, nahesabu magunia kwa sauti pamoja na mwenyewe, halafu ndipo napiga.