Boti Kilosa ya Nini?

Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita Ulaya. Si utani, ni kata kabisa, ina shule, ina soko na mahindi ya kutosha. Wenzangu hapa chuoni wanaoota Ulaya ile nyingine huwa nawaambia mimi nimeshafika, tena nikiwa nyuma ya pikapu nimeshikilia kamba ya boti. Wanacheka, halafu wanauliza swali lile lile: boti Kilosa ya nini, na bahari iko Dar?

Swali ni la haki. Jibu lake ni Mto Mkondoa. Mto huu unakusanya maji kutoka mbali, huko Mpwapwa na upande wa Dodoma, ndipo unashuka kupita mjini kwetu. Kwa hiyo mvua inaweza kupiga huko juu, sisi Kilosa tumeanika mpunga juani, na usiku maji yakatukuta kitandani. Mwishoni mwa Desemba 2009 kuingia Januari 2010 mto ulivunja kingo ukaingia mjini. Maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikakatika. Januari 2014 ikawa zamu ya wenzetu wa Magole na Dumila, wilaya hiyo hiyo, mpaka barabara ya Morogoro–Dodoma ikafungwa kwa sababu ya daraja.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa najiandaa kuanza darasa la kwanza. Bibi yangu, mzaa mama, alitolewa ndani na vijana wawili wa jirani kwa tyubu la lori. Alikuwa amesimama juu ya kinu. Hakupenda kuisimulia, lakini kila masika yakikaribia alikuwa anauliza, "Lile tyubu liko wapi?" Hilo ndilo lililonifanya nisome uhandisi, ingawa kwenye fomu ya maombi niliandika maneno mengine mazuri zaidi.

Sasa boti. Kuna mzee mmoja wa mtaani kwetu ana boti ya faiba ya mtumba, urefu wake kama mita tano, na mashine ya nyuma. Kiangazi anaipeleka Ifakara kubeba magunia ya mpunga kwenye Mto Kilombero. Masika anairudisha nyumbani. Majirani wakakubaliana naye: miezi ya mvua boti ikae Kilosa, juu ya tela, tayari. Wazo zuri sana. Tatizo likawa tela lenyewe. Kuishusha boti ile majini kulihitaji wanaume sita na karibu nusu saa, na kuipandisha tena ilikuwa vita. Sasa jiulize, saa nane ya usiku, maji yako magotini, wanaume sita unawatoa wapi? Kila mmoja anabeba watoto wake.

Likizo ile nilikuwa nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye karakana ya mjomba wangu Mikumi, pale barabara kuu ya kwenda Iringa inapokutana na ile ya Ifakara. Malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, kwa hiyo kazi ya tela mjomba anaijua kama sala. Ila tela la boti lina tabia zake, na yeye alikubali hivyo tangu mwanzo. "Mama," akaniambia, (mjomba wangu ananiita mama, maana nimebeba jina la mama yake), "lori linashusha mzigo kwenye saruji. Hili linashusha kwenye tope. Wewe piga hesabu, mimi nitakata vyuma."

Tulianza na uzito wa shingo, yaani ule uzito unaokaa kwenye kiungio cha tela na gari. Kwa kawaida unatakiwa uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Ukiwa mdogo mno, tela linacheza mkia barabarani. Ukiwa mkubwa mno, gari linakaa chini nyuma na huwezi kuliinua tela kwa mikono. Letu na boti yake lilikuwa kama kilo 600. Tuliazima mizani ya mahindi kwa jirani, tukaweka shingo juu yake: kilo 15. Ndiyo maana yule mzee alikuwa analalamika kwamba kwenye ile barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, kwa kilomita 50 hivi, tela linayumba kila lori likimpita.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kulegeza bolti za springi na kusogeza ekseli nyuma. Ya pili ni kusogeza nguzo ya winchi mbele, ili boti yenyewe ikae mbele zaidi. Tulichagua ya pili kwa sababu ilitibu magonjwa mawili. Tezi ya boti, yaani sehemu ya nyuma inayobeba mashine, ilikuwa inaning'inia nje ya mbao za kulalia kwa zaidi ya shubiri moja. Faiba ikining'inia hivyo na mashine juu yake, baada ya muda inapinda. Boti na mashine ni kama kilo 380, na kutoka kwenye ekseli hadi kiungio ni mita 3.5. Kila sentimita 10 unazosogeza mbele zinaongeza karibu kilo 11 kwenye shingo. Tulisogeza kumi, mizani ikasoma 26. Ishirini, 37. Thelathini, kilo 47, na tezi imelala vizuri juu ya mbao. Karibu asilimia 8. Nilikuwa nimeshafanya hesabu ile ya nguvu na umbali kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza, lakini kuiona kwenye mizani ya mahindi, jamani, ni kitu kingine.

Kazi ya pili ilikuwa kimo. Mbao zilikuwa zimeinuliwa juu kwa vyuma virefu, boti imekaa kama bibi harusi. Boti haielei mpaka maji yaifikie tumboni, kwa hiyo kila sentimita unayoishusha kwenye tela ni sentimita moja ya kina ambayo huihitaji tena. Tulikata vyuma vile tukashusha mbao sentimita 12, tukaacha nafasi kati ya tumbo la boti na ekseli ili springi ikidunda kwenye shimo isigonge. Kwenye Ziwa Victoria pengine sentimita 12 si kitu. Kwenye mtaa uliofurika, ambako maji ni ya magoti tu na chini ni tope, ndiyo tofauti ya gari kubaki nchi kavu au kunasa.

Tatu, rola. Mbao zilizofunikwa zulia zinaishika boti vizuri safarini, lakini tela lisipozama vya kutosha zinaing'ang'ania. Tukabakiza mbao pembeni, na katikati, chini ya mkuku, tukafunga rola tatu za mpira, moja ikiwa mwisho kabisa wa tela. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopokea mkuku wakati wa kupandisha. Wakati wa kushusha, mtu mmoja anasukuma na boti inateleza.

Nne, nguzo mbili za bomba, zimesimama wima nyuma ya tela, moja kila upande, zimevalishwa bomba la plastiki zisikwaruze. Maji ya mafuriko hayatulii. Yanaisukuma boti pembeni ukiwa umebakiza hatua moja tu kuipandisha. Nguzo zinaizuia. Tena tela likishazama, nguzo ndiyo kitu pekee ambacho dereva anakiona kwenye kioo.

Mwisho, gurudumu dogo la mbele, kamba nene ya mita 10, na matundu mawili ya kiungio, moja la kimo cha pikapu, jingine la trekta. Kilosa pikapu ni za kuhesabu, lakini trekta hazikosi. Kwa kamba, gari linabaki pagumu, watu wanasukuma tela majini kwa mikono, na trekta linalivuta kutoka.

Majaribio tulifanyia Ifakara, kwenye ukingo wa Mto Kilombero, mchana kweupe, kijana mmoja akiwa na kazi moja tu ya kuangalia viboko. Kabla ya kuingiza tela majini mjomba aligusa vitovu vya magurudumu kwa kiganja. Vilikuwa vya moto baada ya safari. Akatukalisha chini ya mwembe. Beringi ya moto ukiichovya kwenye maji baridi inanyonya maji ndani, grisi inaharibika, na safari ijayo gurudumu linakuaga njiani. Tulikula miwa mpaka vikapoa. Kisha watu watatu wakaishusha boti kwa dakika nne. Kuipandisha, dakika saba. Yule mzee alirudia mara tatu peke yake na kijana wake, bila kuongea, kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Lakini mtihani wenyewe bado ulikuwa Kilosa. Tuliporudi, mama mdogo akauliza mbele ya watu, "Haya, na mjomba wenu akiwa Mikumi siku hiyo?" Kimya. Alikuwa na haki. Usiku wa maji nani anakuwepo nyumbani? Wanawake, wazee, wanafunzi wa likizo. Basi Jumamosi mbili mfululizo tulifanya mazoezi uwanjani, pakavu, kina mama wanne na mimi. Kufungua mikanda ya nyuma kwanza. Mnyororo wa mbele na winchi haviguswi mpaka tezi iko majini, la sivyo rola zitaiachia boti ardhini. Kufunga kizibo cha sakafu ya boti. Nani anashika kamba ya omo, nani yuko kwenye winchi. Mama mdogo ndiye aliyeamua tela lisimamishwe shingo ikielekea barabarani, pasiwe na kugeuza gizani. Chuoni hapa sikumsikia mtu akifundisha hilo.

Naandika haya kwa sababu msimu wa kuchagua miradi ya mwaka wa mwisho umefika, na kila ninayemuuliza anasema anatengeneza programu ya simu. Sina ugomvi na programu. Nasema tu kwamba nyumbani kwenu kuna chombo ambacho tayari kipo, kimenunuliwa kwa jasho, na hakifanyi kazi yake kwa sababu ya sentimita 12 au 30. Kapime. Azima mizani. Uliza nani atakitumia saa nane ya usiku, kisha umrekebishie huyo.

Tela letu bado lina madeni. Taa za nyuma hazijakaa sawa, na grisi ya beringi inatakiwa kila baada ya kuingia majini. Kina mama wamekubaliana kila nyumba itoe shilingi 500 kwa mwezi, na daftari la michango analo mama mdogo. Masika haya boti imeegeshwa kando ya nyumba ya yule mzee, imefunikwa turubai. Haijaitwa bado. Bibi amekwenda kuiona, akaizunguka, akagonga faiba kwa fimbo yake, akaniuliza kama ina nafasi ya kinu.