Lori lililo Katika Picha ya Baba

Kwa takriban miaka kumi nimekuwa nikifundisha mada ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika kwa kuanza na picha moja. Ni ya marehemu baba yangu. Amesimama kando ya lori, mkono umeegemea boneti, kofia imeinamia jicho moja. Niliwaambia wanafunzi kuwa huyu ni mmoja wa madereva walioinusuru Zambia baada ya utawala wa Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, na mwezi uliofuata mafuta ya kwenda Zambia kukatwa. Darasa hunyamaza. Nakiri kwamba niliupenda ukimya ule.

Mwaka jana nilikwama Uyole, Mbeya, nikisubiri springi ya gari langu. Chini ya mti penye gereji walikuwapo wazee watatu, madereva wawili wastaafu na fundi wa injini, wakibishana ni lori gani lililopanda Kitonga na mzigo kamili bila kuchemsha rejeta. Ubishi wao ulikuwa wa kitaalamu kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Kwa majivuno nikawatolea picha ya baba kwenye simu.

Fundi aliiangalia sekunde chache tu. “Daktari, hapa siyo sitini na sita.”

Nikamwuliza anajuaje. Akanieleza kama anayemfundisha mtoto alfabeti. Malori yaliyojulikana kwa kazi ile ni Fiat 682, yaliyoletwa kwa wingi na kampuni ya Zambia–Tanzania Road Services, iliyoundwa mwaka 1966 na serikali hizo mbili pamoja na wabia wa Kiitalia. Fiat 682 haina pua: dereva hukaa juu ya injini, na uso wake ni bapa. Ikiwa na herufi N ni lori la bodi. Ikiwa na T ni kichwa cha kuvuta trela. Lori la baba lina pua ndefu, na mbele yake, ukiikuza picha, inasomeka 111. Hiyo ni Scania. Tarakimu mbili za mwanzo ni ujazo wa injini, lita 11. Ya mwisho ni toleo. Iliyotangulia ilikuwa 110, iliyofuata 112. Na 111 haikuanza kutengenezwa kabla ya 1974.

Mwaka 1974! Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limekwisha kufanya kazi tangu 1968, na reli ya TAZARA ilikaribia kukamilika. Kumbe shujaa wangu wa darasani alikuwa anapigwa picha wakati hatari niliyokuwa nikiisimulia imekwisha kupita. Mimi, niliyewakata alama wanafunzi kwa kutohakiki vyanzo, sikuwahi kusoma namba iliyoandikwa mbele ya macho yangu.

Nilirudi kupitia Makambako, anakoishi mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa dereva kabla ya baba. Alicheka mpaka akakohoa. “Mpwa wangu, nani alikwambia baba yako aliendesha wakati ule? Alikuwa utingo wangu. Wala hatukuwa na Fiat. Tulikuwa na Bedford ya tajiri mmoja. Fiat tulikuwa tukiziona zikitupita.”

Basi nikaketi, akasimulia. Barabara ya lami ilikuwa haijafika; masika, lori liliweza kulala siku kadhaa kwenye tope. Madumu ya petroli nyuma, hivyo hakuna kuwasha moto karibu, hata wa ugali. Kitonga utingo hakupanda garini. Alitembea nyuma ya tairi akibeba jiwe, na kila lori lilipositasita alilisukumiza jiwe chini ya tairi kabla halijarudi. Kisha analiokota tena, mpaka juu. Usiku alilala chini ya chesesi, kulinda turubai. Mshahara hakuwa nao kwa tajiri. Alilipwa na dereva, kutoka mfukoni mwa dereva. Jina lake halikuandikwa popote.

“Na picha?” nikauliza.

“Nani angempiga picha utingo?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba alijivunia ile Scania. Alikuwa amepata leseni, na ndilo lori la kwanza aliloshika usukani mwenyewe. Hakusema uongo hata siku moja, alikuwa akisema tu, “Sisi ndio tuliopeleka mafuta Zambia.” Udereva niliuongeza mimi, kwa kuwa hadithi niliyoitaka ilihitaji mtu wa kushika usukani. Naona hata hotuba zetu za kila sikukuu ya taifa hutenda hivyo hivyo. Utumishi wa umma una majalada ya walioajiriwa. Aliyebeba jiwe hana jalada.

Picha bado naionesha. Muhula huu nimewaomba wanafunzi wanitajie kwanza aina ya lori na mwaka. Kijana mmoja, mtoto wa Tunduma, alijibu kabla sijamaliza swali: “Scania mia na kumi na moja, Mwalimu.” Halafu akauliza iliko picha ya 1966. Nikamwambia haipo, nikachora ubaoni tairi, mteremko na jiwe.