Kutoka Mtumbwini Hadi Kizimbani

Ukitaka kujua kazi imebadilika, sikiliza maneno yake. Kwenye ufugaji wa samaki, samaki wachanga wanaitwa vifaranga, kana kwamba wametoka kwa kuku. Wanakaa kwenye kizimba, neno lile lile la mahakamani anaposimama mshtakiwa. Na mwenye nao haitwi mvuvi. Ni mfugaji.

Baba yangu, aliyevua Ziwa Victoria zaidi ya miaka thelathini, hayataki maneno hayo. Kwake anafugwa ng'ombe, anafugwa kuku, samaki anavuliwa. Mdogo wangu, aliyesomea mambo haya pale Nyegezi, Mwanza, anamjibu kwa kucheka: "Mzee, dunia imegeuka." Mimi niko katikati, maana baba anataka nimuunge mkono na mdogo wangu anataka akiba yangu.

Basi nikaenda kukaa naye siku tatu, nione hicho ninachoombewa hela. Kizimba ni fremu inayoelea, chini yake umening'inia wavu, na kimeshikwa na nanga kisichukuliwe na mawimbi. Ndani ni sato, karibu wote madume. Sato jike huatamia mayai mdomoni na huzaa haraka. Ukichanganya majike na madume bwawani, punde limejaa samaki wadogo wasiouzika. Dume pia hukua upesi zaidi. Akitunzwa vizuri, miezi sita hadi minane anakaribia nusu kilo.

Miezi yote hiyo analishwa, na hapo ndipo hela inapoishia. Zaidi ya nusu ya gharama ni chakula. Mdogo wangu anarusha punje kidogo kidogo, maji yanatibuka, naye anatazama tu. Wakianza kula kwa uvivu, anaacha. Punje isiyoliwa ni hela iliyozama, na ni uchafu kwa maji yale yale. Kila wiki mbili anawatoa wachache, anawapima uzito, anapiga hesabu upya. Daftari lake lina tarakimu nyingi kuliko langu la habari.

Nikamuuliza punje zimetengenezwa na nini.

"Soya, pumba, na dagaa, dada."

Dagaa! Kitoweo tulicholelewa nacho, cha nyumba yenye hela kidogo, sasa kinasagwa kumnenepesha sato wa nyumba yenye hela zaidi. Hakubisha. Alisema tu kwamba angepata chakula kingine kizuri kwa bei hiyo, angenunua hicho.

Kilichonitisha zaidi ni hesabu ya hasara. Baba akirudi mtupu, amepoteza siku. Kesho anarudi ziwani. Mfugaji anaweza kupoteza miezi saba kwa usiku mmoja. Upepo ukivuruga ziwa, maji ya chini yenye oksijeni kidogo hupanda juu. Samaki huru atahama. Wa kizimbani ataenda wapi? Mwaka 2022, upande wa Kisumu, wafugaji walikuta samaki wao wanaelea, wamekufa. Mkopo hauelei nao. Unabaki.

Lakini baba naye kuna ukweli anaoukwepa. Miaka yake ya mwisho, wavu ulikuwa unaleta samaki ambao zamani angewarudisha majini wakue. Nikamkumbusha pia kwamba hata huyu sato anayemwita samaki wa ziwa aliletwa humu na watu miaka ya 1950, na ngege, wa asili kabisa, karibu tumempoteza. Mkono wa mtu umo ziwani tangu zamani. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ngege alikuwa mtamu bwana."

Nimempa mdogo wangu nusu ya alichoomba, na nimemwambia ni ya chakula, si ya kizimba cha pili. Wa kwanza wavunwe, mkopo upungue, ndipo tuongee. Sina uhakika kama huo ni uwekezaji au ni udugu tu. Sasa kila wiki mbili ananitumia uzito kwa simu. Juzi ilikuwa gramu 210. Nikampigia baba, nikamsomea.

Hakusema kitu kuhusu samaki. Aliuliza upepo wa huko unavumaje.