Mtaa wa Brighton Beach na Lugha Yake

Wazee husema, "Kuishi kwingi ni kuona mengi." Sisi tuandikao habari hizi tu walimu wawili wa pwani ya Kenya. Tulipata nafasi ya kwenda Marekani kuongeza elimu ya ualimu, tukakaa katika mji wa New York toka Septemba, 2021, hata Juni, 2022. Watu wengi wametuuliza habari za majumba marefu na treni zipitazo chini ya ardhi. Hayo yamekwisha kuandikwa na wengine. Sisi twapenda kuwasimulia habari za mtaa mmoja tu, ule tuliopanga, kwa maana huko tulijifunza jambo lililotupasa kulijua tangu siku ya kwanza tuliposimama mbele ya darasa.

Mtaa huo huitwa Brighton Beach. U katika upande wa kusini wa Brooklyn, pale mji unapokoma na bahari ya Atlantiki inapoanza. Mtu atokaye katikati ya mji husafiri kwa treni karibu saa nzima. Treni hupita kwanza chini ya ardhi, kisha hutokea juu, na ifikapo Brighton Beach huenda juu ya nguzo za chuma, juu ya njia kuu yenyewe, hata maduka yamekaa kama yaliyo chini ya daraja. Kila treni ipitapo, watu hunyamaza katikati ya maneno yao, wakangoja, kisha wakaendelea pale pale walipoachia. Siku za kwanza tulidhani kuwa wamegombana.

Tuliposhuka mara ya kwanza tulipata aibu ambayo mwalimu hakuizoea. Tumefundisha watoto kusoma kwa miaka mingi, na pale hatukuweza kusoma kibao cha duka. Juu ya mlango mmoja tuliona herufi hizi: PECTOPAH. Tukazisoma kama tusomavyo zetu, tukapata neno lisilo na maana. Baadaye tuliambiwa kwamba katika maandiko ya Kirusi P ni R, C ni S, na H ni N. Basi neno lile ni "restoran," yaani nyumba ya kulia chakula. Hapo tuliwakumbuka watoto wa darasa la kwanza, wanavyokodolea macho ubao, na sisi tukawaita wavivu.

Sasa tueleze asili ya watu wale. Zamani mtaa ulikaliwa na Wayahudi wengi ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiyidi. Wazee wao walipokufa na vijana walipohamia kwingine, nyumba nyingi zilibaki tupu na kodi ikawa nafuu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Muungano wa Sovieti ilianza kuwaruhusu Wayahudi wengi kuihama nchi, na wengi wa waliokuja hapa walikuwa wenyeji wa Odessa, mji wa bandari katika Bahari Nyeusi, nchi ya Ukraine. Watu wa bahari hutafuta bahari. Wakapapenda mahali pale, wakapanga, wakafungua maduka, hata mtaa ukapewa jina la Odessa Ndogo. Muungano wa Sovieti ulipovunjika katika Desemba, 1991, wakaja wengine wengi, na siku hizi Wauzbeki na Wageorgia nao waonekana. Basi si wote walio Warusi, na wako wanaokasirika wakiitwa hivyo. Lakini Kirusi ndicho kinachowaunganisha, kama vile Kiswahili kiwaunganishavyo Mgiriama, Mkamba na Mjaluo katika soko la Mombasa.

Maisha ya huko yana utamu wake. Madukani huuzwa mkate mweusi, samaki waliokaushwa kwa moshi wa namna nyingi, na matango yaliyotiwa chumvi. Kando ya njia wanawake husimama na meza zao wakiuza vitumbua vya unga wa ngano vilivyotiwa nyama, au kabichi, au viazi. Karibu na bahari iko njia pana ya mbao, iliyofunguliwa mwaka 1923, na urefu wake ni kama kilomita 4. Mtu huweza kutembea juu yake hata Coney Island. Hapo wazee hukaa juu ya mabenchi tangu asubuhi, wengine wakicheza sataranji, wengine dhumna, wengine wakiota jua tu katika makoti yao mazito. Mtoto apitaye bila kofia wakati wa baridi hukemewa na kila bibi, awe mjukuu wake au asiwe. Tulipoona hayo tulisema, "Kumbe hapa ni kwetu."

Tulipanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja mjane, aliyezaliwa Odessa, akaja Marekani mwaka 1989. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. New York alishona nguo hata alipozeeka. Siku ya kwanza alituuliza majina yetu, kisha akatuuliza majina ya baba zetu. Kwa desturi yao mtu mzima haitwi kwa jina lake tu, bali kwa jina lake na la baba yake, kama sisi tusemavyo fulani bin fulani. Tangu siku ile alituita kila mmoja hivyo, akilitia jina la baba mkia wa Kirusi, nasi tukaona kuwa tumeheshimiwa.

Neno la kwanza tulilolielewa kinywani mwake lilikuwa chai, kwa kuwa Warusi nao huiita "chai." Sukari huiita "sakhar." Jioni alituandalia chai katika bilauri, pamoja na limau na kisahani cha matunda yaliyopikwa kwa sukari, akatufundisha majina ya vitu vya nyumbani. Chini ya kitanda chake palikuwa na kasha la mti lenye mishipi ya chuma, alilolileta kutoka kwao. Akalionyesha kwa kidole, akasema, "Sunduk." Tukamjibu, "Sanduku!" Bibi yule alicheka hata akafuta machozi. Neno hilo asili yake ni la Waarabu. Moja lilivuka bahari likaja pwani yetu, na jingine likapita bara, katika vinywa vya Waturuki, hata likafika Urusi. Ndugu wawili walioachana njiani walikutana chini ya kitanda cha mjane katika Brooklyn.

Katika nyumba ile walikaa pia binti yake, muuguzi aliyefanya kazi usiku mara nyingi, na mjukuu wake wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa. Mtoto huyu alielewa maneno machache ya bibi yake: njoo, kula, vaa kofia, lala. Zaidi ya hayo hakuelewa, wala hakutaka. Bibi alisema naye kwa Kirusi, naye akajibu kwa Kiingereza. Kiingereza cha Bibi kilikuwa cha sokoni tu. Alikijua cha kuuliza bei, hakukijua cha kusimulia hadithi. Kila siku tuliwaona mezani, wamekaa karibu hata viwiko vyao vikigusana, na kila mmoja akila peke yake.

Tulimwuliza mama yake sababu. Akatujibu kwamba mtoto alipoanza shule alichelewa kusema Kiingereza, na wenzake wakamcheka. Mwalimu wake akamshauri mama kwamba lugha ya nyumbani iachwe ili mtoto aendelee. "Nami nilimsikiliza," alisema, "kwani mwalimu ajua."

Kisha vita vikazidisha jambo hilo. Tarehe 24 Februari, 2022, majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine, na Odessa ulikuwa miongoni mwa miji iliyopigwa. Mtaani huzuni ilikuwa kubwa, maana wengi walikuwa na ndugu huko. Duka moja la vyakula lililokuwa na jina la Urusi liliondoa jina hilo katika kibao chake. Jioni moja mtoto alimwambia bibi yake kwamba sasa hataki kabisa kuisikia lugha ile, kwa kuwa ni ya wale wanaoupiga mji wake. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema taratibu, na binti yake akatufasiria: "Mama yangu aliniimbia kwa lugha hii huko huko Odessa. Hawa wenye mabomu hawakunipa wao, wala hawataninyang'anya." Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuondoka mezani.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mama yake akiwa kazini, mlango wetu uligongwa kwa nguvu. Mtoto alikuwa amesimama pale bila viatu, akitetemeka. Tukakimbia chumbani kwa Bibi, tukamkuta ameketi sakafuni, ameshika kifua, uso umekuwa kama majivu. Mmoja wetu akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Bibi alikuwa akisema neno moja, tena na tena, kwa pumzi fupi. Kiingereza chake chote kilikuwa kimemtoka kwa maumivu. Mtoto alilia, akisema, "Sijui asemalo! Sijui asemalo!"

Tukainama, tukasikiliza. "Sunduk," alisema. "Sunduk."

Tukalivuta kasha, tukalifungua, na chini ya vitambaa tukaona chupa ndogo ya dawa ya moyo, yenye jina lake. Mwenyewe akachukua kidonge kimoja, akakitia chini ya ulimi. Gari la wagonjwa lilifika upesi, wakamchukua hospitali, akakaa huko siku sita, akapona.

Usiku ule, tulipokuwa tukimngoja mama yake mtoto, yule mtoto alituuliza, "Ninyi mmetoka Afrika. Mlijuaje neno la bibi yangu, na mimi sikulijua?" Tulimwambia habari za sanduku letu na sanduku lao. Alitikisa kichwa, lakini tuliona kwamba hakuuliza hilo. Aliuliza jambo jingine, nalo hatukuweza kumjibu.

Wasomaji, hatukulala usiku ule. Tulimlaumu moyoni mwalimu yule aliyemshauri mama, kisha tukaona kuwa hatuna haki ya kumlaumu. Katika shule tuliyofundisha sisi palikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni, akakaa nacho hata amkamate mwenziwe akisema vile vile. Hatukukitengeneza sisi, tulikikuta, kama tulivyokikuta sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi. Lakini tulikitumia. Mtoto mmoja wa kike, aliyelelewa na bibi yake kijijini, alikivaa siku nne mfululizo. Siku ya tano hakusema neno lolote, kwa lugha yoyote, wala wiki iliyofuata. Nasi tuliandika katika taarifa yake ya mwisho wa muhula kwamba tabia yake imetengenea. Tumeikumbuka sentensi hiyo mara nyingi.

Bibi aliporudi nyumbani, mtoto mwenyewe alikwenda kuketi karibu naye akiwa na daftari. Kila jioni alimwuliza majina ya vitu kumi, akayaandika kwa herufi zile zilizotushinda sisi. Tukaketi pamoja naye, tukawa wanafunzi watatu, na mwalimu wa hesabu akarudia kazi yake ya zamani. Alitusahihisha bila huruma. Nasi tulimfundisha mtoto methali yetu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaipenda, akajaribu kuifasiri kwa Kirusi ili bibi yake aisikie. Siku ya kuondoka kwetu alituaga kwa Kirusi. Alikosea mahali pawili, na Bibi akamsahihisha mahali pote pawili. Katika miaka yetu yote ya kazi hatujapata kuona mwalimu aliyefurahia makosa namna ile.

Hatusemi kwamba Kiingereza kisifundishwe. Kiingereza ndicho tulichoitia gari la wagonjwa usiku ule, na ndicho kitakachompa mtoto yule kazi yake. Tena Kiswahili chetu ni lazima kisitawi, kwa kuwa ndicho kitufanyacho tusikilizane. Twasema tu kwamba lugha mpya haihitaji nafasi ya ile ya kwanza; kichwa cha mtoto kina nafasi ya zote. Afukuzaye lugha ya nyumbani hamwongezei mtoto kitu, bali hufunga mlango kati yake na wazee wake, na siku ya haja mlango huo haufunguki kwa haraka. Wazee walikwisha sema, "Mwacha asili ni mtumwa."

Tuliporudi shuleni tulikikuta kibao kile kimening'inia msumarini, pale pale tulipokiacha. Tukakitoa, tukamweleza mwalimu mkuu sababu, naye akakubali. Tulimwulizia mtoto yule wa kike. Tukaambiwa kwamba amekwisha kuwa mkubwa, ameolewa mbali, na bibi yake amekufa. Hatujamwona bado, lakini twamtafuta, kwa kuwa tuna neno la kumwambia. Na walimu wenzetu ambao katika shule zao kingali kibao cha namna hiyo, twawaomba wakitazame tena, na kabla ya kumvisha mtoto wamwulize kwanza jambo moja: nyumbani anakaa na nani.