Chombo Kinachobisha Nacho Hufika

Vijana wanaoniletea tungo zao niwapitishie macho huniuliza swali moja: "Mwalimu, nitakijuaje kitu nilichoumbiwa, na nikishakijua nitaishi nacho vipi?" Jina la mwalimu hunipa kwa adabu yao tu. Mimi ni karani wa ghala mjini Tanga, na ualimu sikuusomea. Lakini swali hilo nimeishi nalo miaka 17, na leo nitajaribu kulijibu kwa yale niliyoyapitia.

Watu wa pwani wana neno uraibu. Asili yake ni tambuu, popoo, tumbaku na vitu vya namna hiyo, ambavyo mtu huvizoea hata akivikosa siku huiona haikukamilika. Mraibu wa tambuu haketi akajiuliza uraibu wake ni upi. Mkono wake hutangulia kwenye kijaluba kabla akili haijaamua lolote. Nami naamini kwamba mapenzi ya kazi fulani hujulikana kwa njia hiyo hiyo: tazama mkono wako huenda wapi pasipo kutumwa, na pasipo kulipwa.

Wangu ulikuwa ukienda kwenye maneno. Wachukuzi wa ghalani kwetu, wengi wao watoto wa wavuvi, walikuwa na msamiati ambao sikuusikia darasani. Kila nilipolisikia neno geni nililiandika nyuma ya hati iliyoharibika, nikaitia katika mtoto wa meza. Mwisho wa mwaka mmoja, tulipokuwa tukihesabu mali, nikaifungua droo ile na kukuta vipande vya karatasi zaidi ya 300. Hakuna aliyeniagiza kuvikusanya, wala hapakuwa na kimoja kilichohusu mshahara wangu. Nilivitandaza mezani nikavipanga kwa herufi mpaka mlinzi alipokuja kuniuliza kama nina nia ya kulala pale. Kuchagua nilikuwa nimekwisha chagua. Kilichobaki ni kukiri.

Sehemu ya pili ya swali ndiyo ngumu. Kukipenda kitu ni jambo moja, kukijengea maisha ni jingine. Hapo aliyenifaa ni mzee mmoja wa Pangani, nahodha mstaafu, niliyekuwa nikimwendea kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Yeye ndiye aliyenifafanulia omo na tezi, mkuku na taruma, foromali na dasi. Kwake nilijifunza kwamba demani si majira yale ya upole baina ya kusi na kaskazi tu, bali pia ni kamba ya tanga. Siku moja nikamwuliza maana ya kubisha.

"Wewe unajua kubisha hodi na kubisha maneno," akaniambia. "Sisi tuna kubisha kwa tatu. Upepo ukitoka kule uendako, chombo hakiwezi kuukabili uso kwa uso. Basi huenda upande huu kidogo, kikageuka, kikaenda upande ule kidogo. Aliye pwani atasema kimepotea. Nahodha anajua kinakwenda."

Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau: kila chombo kigeukapo, foromali na tanga lake huhamishwa upande wa pili wa mlingoti, na kazi hiyo haifanywi na nahodha peke yake. Wote waliomo hushika kamba.

Tangu hapo nimekuwa nikiyasoma maisha ya washairi wetu kwa jicho jingine. Shaaban Robert aliingia katika utumishi wa serikali mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akabaki mtumishi kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu tunavyojivunia leo viliandikwa na mtu aliyekuwa na saa za kazi na mkubwa wa kumtii. Mathias Mnyampala, Mgogo ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, alikuwa hakimu, na ndiye huyo huyo aliyetupatia ngonjera. Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtunzi wa diwani ya Kimbunga, alikuwa mvuvi na baharia. Hakuna kati yao aliyengoja upepo umgeukie kwanza. Waliubisha.

Mwaka wa tisa wa safari zangu za Pangani, mwajiri wangu aliniita akanipa habari njema: tawi jipya lilifunguliwa bara, mbali sana na bahari, nami nilitakiwa niwe msimamizi wake. Mshahara ungekaribia mara mbili, na nyumba ingekuwa juu ya kampuni. Binti yetu wa kwanza alikuwa anakaribia kuingia sekondari. Na yule nahodha alikuwa ameanza kushindwa kuinuka kitandani. Macho yalikuwa yamefifia, lakini kumbukumbu ilikuwa nzima.

Usiku ule nilimweleza mke wangu yote, nisifiche lolote. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Baba Zuhura, maneno hayo yataliwa?"

Nikamjibu, "Hayataliwa, Mama Zuhura."

"Basi tuhesabu," akasema.

Tukahesabu. Kodi ya vyumba viwili, ada, mafuta ya taa, nauli ya Pangani. Palipopungua akasema atakaanga maandazi ya asubuhi kwa ajili ya vibanda viwili vya chai. Nami nikaahidi kuamka naye saa kumi za usiku: yeye kwenye karai, mimi kwenye daftari, na kukicha nikamsaidie kuyabeba. Nafasi ile nikaikataa. Mzee akafariki miezi minane baadaye, na katika miezi hiyo alinipa maneno 412, mengi yakiwa na mfano wa matumizi kwa sauti yake mwenyewe.

Sitaki mtu adhani nasimulia ushindi. Bado tunapanga vyumba vile vile. Aliyeichukua nafasi ile amejenga, na simwonei wivu, ingawa ziko siku za kulipa ada ambazo nyumba yake hunijia machoni. Mke wangu naye hajawahi kuniambia kwamba uamuzi ule ulikuwa sawa. Husema tu, akiniona nimeinama, "Soma nisikie." Kwangu mimi huko ndiko kushika kamba.

Kwa hiyo, kijana, usije ukaniambia kwamba umeacha kazi ili uwe mshairi, ukadhani nitafurahi. Wahenga walisema mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Chunguza mkono wako unakokwenda. Ukishapajua, tafuta saa moja ya siku isiyoguswa na mtu, uilinde kama mwenye duka alindavyo kasha lake. Waambie wa nyumbani gharama yake kabla hawajaanza kuilipa. Na upepo ukikukabili, usiushindanie kifua, wala usigeuze chombo ukarudi. Enda upande, kisha ugeuke. Wa pwani watasema umepotea.

Nami nakuagia kwa ubeti mmoja, niliouandika saa kumi za usiku huku mafuta yakichemka jikoni:

Nimebisha na upepo, mbele yangu unavuma,
Riziki yangu ilipo, huifuata mapema,
Usiku uingiapo, kalamu yanisukuma,
Chombo changu bado kipo, bandarini kitakoma.